Rubani wa jeti ya bosi: mshahara ndio unaompa mdomo wa kukataa, au ndio unaomfunga?

#1 Kaka_wa_Kampemba (Lubumbashi)
Salamu kwenu wote. Mdogo wangu ni rubani. Alikuwa rubani msaidizi kwenye ndege ndogo ya Let 410 huko Kivu, mpaka uwanja wa Goma ulipofungwa Januari 2025 na wa Kavumu ukafuata mwezi wa pili. Tangu hapo yuko kwangu. Sasa tajiri mmoja wa hapa mjini, mtu wa madini, amemwita awe rubani msaidizi kwenye jeti yake ndogo. Safari ni Kolwezi, Kinshasa, Ndola, Johannesburg.

Masharti: hakuna mshahara wa mwezi, analipwa kwa siku aliyoruka. Mafunzo ya aina ile ya ndege ajilipie mwenyewe, kisha "atarudishiwa". Bima haikutajwa. Malipo ya siku ni mazuri, siwezi kusema uongo, yanapita aliyokuwa akipata Kivu.

Ukoo mzima unamwambia akubali. Mimi nasema hivi: rubani anayekula siku akiruka tu hawezi kumwambia bosi "leo hatutoki". Tumbo litajibu kabla yake. Wanaoijua kazi hii waniambie kama naogopa bure.

#2 Njo_Vile (komini ya Kenya, Lubumbashi)
Bakubwa jambo. Mu hii muji batu banatafuta kazi, weye unatafuta sababu ya kukatala? Acha kijana arushe ndeke, mukubwa.

#3 Himbi_Juu (Goma)
Kaka, huogopi bure. Nimerusha ndege ndogo ya Caravan Kivu miaka mingi. Kuna mwajiri mmoja aliyetulipa kwa safari iliyokamilika. Ukifika juu ya kiwanja ukakuta wingu limekaa, ukageuza kurudi, safari haihesabiwi. Mafuta yameungua, wewe umechoka, na karatasi inasema sifuri. Nani hapo atageuza mara ya pili ndani ya wiki moja? Niliona wenzangu wanaanza kushuka chini ya wingu kutafuta ziwa ili wafuate maji mpaka kiwanjani. Si vichaa. Ni wazazi wenye ada za shule.

Kwa hiyo swali langu kwa huyo tajiri si "unalipa ngapi". Ni "unalipa nini": kuruka, au kuwa rubani?

#4 Mwanafunzi_UNILU
Marekani walishaliona hili. Kuna jeti binafsi ilianguka Buffalo mwaka 2009, ikagundulika rubani msaidizi alikuwa akilipwa kama dola 16,000 kwa mwaka mzima. Dada wa miaka 24. Alisafiri usiku kucha ili afike kazini. Mshahara mdogo unaua, basi.

#5 Komanda_S (Lubumbashi)
Mwanafunzi, ile haikuwa jeti wala haikuwa ya mtu binafsi. Ilikuwa Q400 ya Colgan Air, ndege ya propela ya abiria wa kulipa nauli, 12 Februari 2009. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa chini, nyumbani kwake. Mshahara uliotaja ni kweli, ulisemwa kwenye kikao cha uchunguzi. Ni kweli pia kwamba alikuwa akiishi kwa wazazi karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi, na kituo chake cha kazi kilikuwa Newark. Lakini usukani ulikuwa mikononi mwa kapteni. Ndege ilipotikisa usukani kumwonya kwamba mwendo umepungua, yeye akavuta badala ya kusukuma. Wachunguzi waliweka hilo mbele ya yote.

Sasa nije kwa Kaka. Mimi narusha jeti ya aina hiyo hiyo unayoisema, hapa hapa. Nalipwa kwa mwezi, na nalipwa vizuri. Basi nikuambie jambo ambalo ndugu zako hawalioni: mshahara mzuri nao unafunga mdomo. Rubani wa Caravan akifukuzwa, kesho yupo kwenye Caravan nyingine. Jeti za kazi yangu hapa Katanga zinahesabika kwa vidole, na wenye nazo wanakula meza moja. Nikimkatalia mmoja mara mbili, wote wamesikia kabla sijafika nyumbani. Nyumba, shule, gari, vyote vimesimama juu ya furaha ya mtu mmoja. Himbi anasema njaa inasukuma. Mimi nasema shibe inasukuma pia, tena kimyakimya.

#6 Himbi_Juu
Komanda, kwa heshima yote: wewe unaogopa kupoteza gari. Sisi tulikuwa tunaogopa kulala njaa. Si mizani moja.

#7 Komanda_S
Mlima wala kiwanja kifupi havitofautishi woga wa aina gani umekuleta.

#8 Njo_Vile
Mbona hamusemi ya Katumba Mwanke, mushauri wa Kabila? Ile ndeke ilianguka ku Goma na batu bakubwa ndani. Bale bote balilipwa muzuri.

#9 Binti_Kadutu (Bukavu)
Si Goma, ndugu. Ni kwetu, Kavumu, 12 Februari 2012. Ilikuwa jeti ya Gulfstream IV kutoka Kinshasa. Augustin Katumba Mwanke alikufa pale pale, na marubani wote wawili. Waziri wa fedha wa wakati ule, Matata Ponyo, aliumia akapona, na gavana wetu Marcellin Cishambo vilevile. Ndege ilivuka mwisho wa barabara ya kutulia ikaporomoka mteremkoni, na kuna watu wa kawaida waliokuwa chini ambao nao walikufa. Hao majina yao hayasemwi kamwe mtu akisimulia habari hii, na mimi siipendi kusimuliwa bila wao.

#10 Njo_Vile
12 Februari 2009, 12 Februari 2012. Hamuone kitu hapo?

#11 Mzee_Luano (Lubumbashi)
Mwanangu, acha tarehe. Tarehe haibebi ndege.

Nilikaa mnara wa kuongozea ndege mpaka kustaafu, kwa hiyo niongee juu ya barabara ya kutulia ndege, kwa sababu naona nyote mnaongea pesa tu. Kavumu kiko karibu mita 1,720 juu ya usawa wa bahari, na barabara yake ni kama mita 2,000. Juu huko hewa ni nyepesi. Kipimo cha mwendo ndani ya ndege kinamwonyesha rubani namba ileile anayoijua kutoka pwani, lakini magurudumu yanagusa lami kwa kasi iliyozidi kama asilimia 9. Na breki hazipambani na kasi peke yake, zinapambana na kasi mara kasi, kwa hiyo kazi ya kusimamisha inaongezeka kama asilimia 18. Hapo sijaweka jua la mchana, sijaweka mvua, sijaweka upepo wa mgongoni.

Sasa sikilizeni tofauti ya sheria. Marekani, jeti inayokodishwa kwa abiria, kanuni yake ya kawaida kabla ya kuondoka ni hesabu kuonyesha kwamba itasimama ndani ya asilimia 60 ya barabara inakokwenda. Kwa mita 2,000, hiyo ni mita 1,200. Zinazobaki ni za siku mbaya. Jeti ya mtu binafsi, anayepanda mwenyewe na wageni wake bila nauli, haibanwi na hiyo asilimia 60. Rubani anaweza kupanga kutumia karibu barabara yote na asivunje sheria yoyote. Rubani yuleyule, ndege ileile, kiwanja kilekile. Kilichobadilika ni nani analipa tiketi.

Hapo ndipo ningeanzia na huyo kijana. Mshahara utafuata.

#12 Fundi_Bawa (Lubumbashi)
Mzee, asante. Watu hawajui kwamba "binafsi" maana yake ni ulinzi mdogo. Wanadhani ni kinyume.

#13 Kaka_wa_Kampemba
Shikamoo Mzee. Sikuwa najua kabisa. Nilidhani ndege ya tajiri ndiyo yenye sheria kali zaidi. Na muda wa kupumzika je?

#14 Mzee_Luano
Marahaba. Ni hivyo hivyo. Kule Marekani kwenye ndege za kukodi, marubani wawili wana kikomo cha saa 10 za kuruka ndani ya saa 24, na lazima wapate saa 10 mfululizo za kupumzika. Kwenye ndege binafsi kikomo hicho hakipo. Anayekibeba ni rubani mwenyewe kichwani.

#15 Komanda_S
Na tuseme ukweli kuhusu saa. Kuruka si ndiko kunachosha. Siku yangu ya kawaida: saa kumi alfajiri niko uwanjani, saa kumi na mbili tunaondoka, saa moja tuko Kolwezi. Halafu bosi anaingia kikaoni. "Tutarudi saa sita." Saa sita inakuwa tisa, tisa inakuwa kumi na moja. Unakaa ndani ya ndege au kwenye kiti cha plastiki. Huwezi kulala kwa sababu anaweza kutokea wakati wowote akitaka injini ziwake. Wingu la mvua linajijenga alasiri kama kila siku ya masika hapa kwetu, wewe unaliangalia. Yeye anatoka jioni, limeshakaa njiani. Karatasi inasema nimeruka chini ya saa mbili. Mwili unajua nimekuwa kazini saa kumi na nne.

Kwa hiyo mdogo wako akilipwa "siku", aulize siku inaishia wapi. Na aulize analipwa ile siku ya kusubiri tu, ambayo bosi ameghairi. Nimewaona vijana wanakaa na sare kutwa nzima, ndege haikutoka, malipo hakuna.

#16 Mama_Furaha (Bukavu)
Nawasoma tangu jana. Naongea kama mke wa rubani.

Mume wangu alikuwa na kazi ya kulipwa kwa saa. Kila rubani wa biashara anapita kwa daktari kwa cheti cha afya cha daraja la kwanza. Siku moja daktari alikuta sukari. Hakufa, hakuumia, hakuangusha ndege. Alirudi nyumbani mchana akaketi, na kuanzia siku ile hakuna franka iliyoingia. Mkataba haukuwa na neno hata moja juu ya rubani kushushwa na daktari. Wenzake walikuja kutuona, na mmoja akaniambia jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba yeye shinikizo la damu analo na anameza dawa siku chache kabla ya kupimwa ili lisionekane.

Mnabishana kama pesa inamfanya mtu atue vibaya. Mimi nasema pesa inamfanya mtu apande ndege akiwa mgonjwa. Kaka wa Kampemba, bima ya kupoteza leseni ipo duniani, inauzwa kwa marubani. Mwambie mdogo wako aitafute kabla ya kutafuta sare.

#17 Binti_Kadutu
Pole sana mama. Hili lingekuwa #1.

#18 Himbi_Juu
Pole mama Furaha. Na ni kweli, dawa za siku tatu tunazijua wote.

#19 Njo_Vile
Pole mama. Lakini Amerika njo balipwa, ao? Kule hapana bya kuficha.

#20 Mwanafunzi_UNILU
Takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za Mei 2023: rubani wa shirika la ndege, aliye katikati kabisa ya orodha ya mishahara, alipata dola 219,140 kwa mwaka. Rubani wa kibiashara asiye wa mashirika, wakiwemo wa ndege za kukodi, dola 113,080. Karibu nusu.

Maana yake kule jeti ndogo ni kama kituo cha basi. Kijana anakuja kukusanya saa zake, sheria ya kule inataka saa 1,500 kwa leseni kamili ya shirika la ndege, akizipata anaondoka. Sheria hiyo ya 1,500 kwa marubani wasaidizi ilianza 2013, na ilitokana na ile ajali ya Buffalo niliyoitaja.

#21 Komanda_S
Hapo umesema vizuri, kijana. Na matokeo yake yanaonekana Akron, Ohio, 10 Novemba 2015. Jeti ndogo ya Hawker ya kukodi, watu tisa, wote wakafa. Wachunguzi walikuta kapteni na rubani msaidizi wote wawili walikuwa wamefukuzwa kazi kwa waajiri waliotangulia. Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa akirusha, ingawa desturi ya kampuni ilikuwa kapteni ndiye arushe abiria wakiwemo. Mwendo ulipungua, kapteni hakuchukua usukani. Hakuna bosi aliyewasukuma siku hiyo. Kampuni iliajiri aliyepatikana.

#22 Fundi_Bawa
Tatizo la maelezo yenu yote ni Bedford. Bedford, Massachusetts, 31 Mei 2014, Gulfstream IV, watu saba, wote wakafa. Marubani wazoefu, waliokaa pamoja miaka. Kampuni ina cheti cha kimataifa cha usalama ukutani. Barabara ndefu, hali ya hewa safi, usiku mtulivu. Na waliondoka bila kufungua kufuli la usukani, lile linalozuia upepo usipige mabawa ya mkia ndege ikiwa imeegeshwa. Ndege ikakimbia barabarani, pua ikakataa kunyanyuka.

Hilo lingekuwa kusahau kwa siku moja, ningenyamaza. Lakini kinasa kumbukumbu kilihifadhi safari 175 za nyuma, na katika hizo walijaribu usukani kikamilifu kabla ya kuondoka mara mbili tu. Mbili! Ni kazi ya sekunde chache: unavuta, unasukuma, unageuza. Njaa iko wapi hapo? Bosi iko wapi? Wawili waliozoeana, hakuna wa tatu wa kuwatazama, wakaacha kidogo kidogo.

Mimi fundi. Mtu akiniuliza jeti ya bosi inatishwa na nini, sitasema mshahara. Nitasema upweke. Shirika kubwa lina mkaguzi, lina mkuu wa marubani, lina kijana mpya kila mwezi anayeuliza "kwa nini hamfanyi hivi?" Jeti ya bosi ina watu wawili na fundi mmoja anayepigiwa simu ndege ikiharibika.

#23 Himbi_Juu
Fundi, lakini upweke huo nao ni pesa. Bosi angeweza kuwalipia simuleta, ile mashine ya kufanyia mazoezi ya kuruka ukiwa chini, mara mbili kwa mwaka, wakakutana na mwalimu asiyewajua. Hapa kwetu kupeleka marubani wawili Johannesburg kwa mafunzo ni tiketi, hoteli, ada, na siku za jeti kusimama. Ndicho kitu cha kwanza kukatwa.

#24 Fundi_Bawa
Hao wa Bedford walikwenda simuleta.

#25 Himbi_Juu
Sawa. Lakini wa kwetu hawaendi hata hivyo.

#26 Njo_Vile
Miye nauliza, na ile ya mamba? Ile ndeke ya Bandundu, 2010. Mamba ilitoka mu begi, batu bakakimbilia mbele, ndeke ikaanguka. Hapo mushahara uko wapi?

#27 Mwanafunzi_UNILU
Hahaha, nilijua mamba atafika.

#28 Mzee_Luano
Ilikuwa Let 410, 25 Agosti 2010, waliokufa ni 20 na aliyepona ni mmoja. Habari ya mamba ilitoka kwake. Tusiifanye mchezo. Lakini kama ni kweli, swali ni nani aliyeruhusu begi lile kupanda bila kufunguliwa. Kijana wa kupima mizigo naye analipwa na mtu.

#29 Binti_Kadutu
Turudi. Mimi ni mwanasheria, na nimesoma #5 na #6 mara kadhaa. Mnabishana kama kidogo au kingi ndicho kinachofunga mdomo. Mfano unaonikaa kichwani ni Aspen, Colorado, 29 Machi 2001. Jeti ya Gulfstream III ya kukodi ilianguka, watu 18 wakafa. Safari ilichelewa kwa sababu wageni walichelewa. Kiwanja kile kilikuwa na saa ya mwisho ya kutua jioni. Kapteni alipotaja kwamba huenda wakatua kwingine, habari ikamfikia mteja, mteja akakasirika, ujumbe ukarudi kwamba rubani anyamaze na maoni yake. Ndege zilizowatangulia zilikuwa zimeshindwa kutua kwa sababu ya theluji. Wao wakaendelea kushuka. Ripoti rasmi iliandika wazi kwamba shinikizo la mteja lilichangia.

Angalieni: rubani alisema. Mdomo wake ulifunguka. Kilichokosekana ni mtu kati yake na mteja, wa kusema "uamuzi ni wa kapteni, mjadala umefungwa." Kwenye jeti ya bosi mtu huyo hayupo kabisa, kwa sababu mteja, mwajiri na mwenye ndege ni mtu mmoja, na ameketi mita tatu nyuma ya mlango.

Kwa hiyo Kaka, ninachotaka kuona kwenye karatasi ni kifungu kimoja: kapteni au rubani msaidizi yeyote akikataa safari kwa sababu ya usalama, safari haifanyiki, malipo ya siku hayakatwi, na kukataa huko hakuwi sababu ya kuvunja mkataba. Rubani msaidizi awemo kwa jina la cheo chake, si kapteni peke yake.

#30 Komanda_S
Dada mwanasheria, kifungu kizuri. Nimewahi kuwa nacho. Hakuna bosi atakayeandika "nimemfukuza kwa kukataa kuruka". Ataandika "tumebadilisha mpango wa kazi."

#31 Binti_Kadutu
Najua. Ndiyo maana naweka malipo ya miezi kadhaa kwa kuvunja mkataba kwa sababu yoyote. Kumfukuza kuwe na bei. Watu wa madini wanaelewa bei.

#32 Himbi_Juu
Hapo umenigusa. Basi tumerudi kwenye pesa, Komanda!

#33 Komanda_S
Pesa ya kuondokea, sikatai. Nakataa hii hadithi kwamba mishahara ya Kongo ndiyo inaangusha jeti Kongo. Ya Kavumu 2012 ilikuwa na usajili wa Marekani na marubani Wamarekani. Na ile ya Kolwezi, 17 Novemba 2025, iliyombeba waziri wa madini Louis Watum, ilikuwa Embraer ya kampuni ya Angola. Ikaishia nje ya barabara ikaungua, na Mungu alisaidia wote wakatoka. Zote mbili hazikuwa za mishahara ya kwetu. Kilichokuwa cha kwetu ni kiwanja.

#34 Mzee_Luano
Na kiwanja ndicho ambacho hakuna bosi anayekilipia. Goma lava ya Nyiragongo ilikula sehemu ya barabara mwaka 2002, na 15 Aprili 2008 ndege ya abiria DC-9 ya shirika la Hewa Bora ikaishia ndani ya mtaa wa Birere, kwenye soko. Barabara ile ilikaa fupi kwa miaka mingi. Ukiwa na jeti ya mamilioni ya dola na unaitua mahali ambapo hata taa za barabara huna uhakika nazo, umenunua nusu ya kitu.

#35 Himbi_Juu
Mzee, Birere tulikuwa tunaishi hapo nyuma. Sitaki kuendelea na hilo.

#36 Mzee_Luano
Pole mwanangu.

#37 Mwanafunzi_UNILU
Kuna jambo moja mmeliruka: ndege binafsi zinazochukua nauli kwa siri. Mnamkumbuka Emiliano Sala, yule mchezaji wa Nantes aliyekuwa akienda Cardiff, Januari 2019? Ndege ya injini moja ikaanguka baharini, usiku. Rubani alikuwa na leseni ya kibinafsi tu, ambayo haimruhusu kulipwa, na hakuwa na ruhusa ya kuruka usiku. Kwenye damu ya Sala ilikutwa hewa ya sumu ya moshi wa injini. Mtu aliyepanga safari alihukumiwa kifungo 2021. Sasa jiulizeni hapa kwetu: jeti ya bosi inapokaa bure wiki nzima, kweli haiwabebi rafiki zake kwa bahasha?

#38 Njo_Vile
Sala angekuya Mazembe angekuwa muzima.

#39 Fundi_Bawa
Njo_Vile, heshimu marehemu.

Mwanafunzi, swali lako ni zito. Siku ndege inapobeba mtu kwa bahasha, bima inaweza kukataa kulipa, na jina lililo kwenye karatasi ya safari ni la rubani. Mdogo wa Kaka ajue kila abiria kapanda kwa mlango gani.

#40 Kaka_wa_Kampemba
Nimerudi. Asanteni wote, nimechapisha kurasa hizi na tumezisoma na mdogo wangu usiku mzima. Jana alikwenda kuonana na tajiri. Aliomba mshahara wa mwezi, hata ukiwa mdogo kuliko jumla ya malipo ya siku, lakini uingie ndege ikitoka isitoke. Tajiri amekubali haraka sana, hata tumeshangaa. Mafunzo: atalipia yeye, ila kijana akiondoka kabla ya muda fulani anarudisha. Bima ya maisha: amesema ataangalia. Bima ya leseni: hakuwa ameisikia, akacheka.

Kifungu cha kukataa safari alikataa kukiandika. Alisema, "Mimi pia nina watoto, nitapandaje ndege na rubani anayesema ni hatari? Kati ya watu wazima hatuandikiani hilo." Aliongea kwa upole, si kwa hasira. Mdogo wangu anamwamini. Mimi sijui.

#41 Himbi_Juu
Achukue. Mshahara wa mwezi ndio kifungu chenyewe. Hicho kingine ni karatasi.

#42 Binti_Kadutu
Asisaini. Mtu anayekubali kulipa haraka na kukataa kuandika mstari mmoja anajua thamani ya ule mstari.

#43 Komanda_S
Amwulize kapteni atakayekaa naye, si tajiri: mara ya mwisho kugeuza njiani ilikuwa lini, na bosi alisema nini waliposhuka. Kapteni akisema haijawahi kutokea, katika masika ya Katanga, basi kijana amejibiwa.

#44 Mama_Furaha
Na lile la bima ya leseni alilochekea, alirudie tena. Ajinunulie mwenyewe akinyimwa.

#45 Fundi_Bawa
Kabla ya kalamu, aombe kitabu cha matengenezo cha ndege. Si cha mwaka huu tu. Atazame nani anatia saini, ana leseni ya aina ile ya jeti, na kama hitilafu zinaandikwa na marubani au kurasa ni nyeupe. Kurasa nyeupe miezi sita kwenye ndege inayotua Kolwezi kila wiki, mimi nisingepanda. Nitumie picha pembeni, Kaka, nitakusomea bila malipo.